Bi

Mama alishuka Kisumu mwaka wa mvua nyingi,
kutoka Mumias, na sanduku la bati, na mimi,
na jina lenye herufi mbili mbele yake kama mlango:
Bi Zuwena.
Baba alipokufa watu walianza kusema Zuwena tu,
kama wanaochomoa bawaba baada ya tanga kuanuliwa.
Aliliona hilo. Hakulisema.

Jumapili ya kwanza, Kibuye, alitandaza gunia
akapanga vitumbua kwenye sinia,
na mwanamke wa omena upande wa pili wa njia
akainua mkono: "Bi!"

Mama akanyooka. Akavuta ushungi.
"Naam, dada."
"Bi!"
"Naam."
"Bi! Bi!"
Na mama, ambaye miezi saba hajaitwa hivyo,
akainamisha kichwa kila alipoitwa,
akaniambia pembeni, mji huu una adabu.

Uji ulikuwa unapoa.
Mwisho Min Oguta alivuka njia mwenyewe, magamba mikononi,
akamshika kiwiko, akamkalisha juu ya debe,
akamtia kikombe kiganjani.
Kwao, tulikuja kujua, bi ni njoo.
Njoo, basi. Halina cheo.
Huitwa mtoto aliyepotelea kwenye mitumba,
huitwa mbwa, huitwa mjane mgeni aliyesimama juani.

Mama alicheka hadi machozi,
au alilia akakisingizia kicheko.
Nilikuwa na miaka tisa, sikujua kutofautisha.
Usiku, taa imezimwa, alisema peke yake:
"Kuheshimiwa, niliheshimiwa.
Lakini nani aliwahi kuniambia njoo?"

Vitumbua havikulipa karo.
Akaingia kazini kwa Mansukh, duka la pembejeo,
kupima dania na kunde kwa kijiko cha chai,
vumbi la dawa ya mchwa likimkaa kooni.
Siku moja mzee aliweka punje ya boga kwenye kucha ya dole gumba,
akailetea karibu na miwani yake: "Bi."
"Naam," mama akaitika.
"Bi," mzee akasisitiza, akiinua dole.
"Naam, nakusikia!"
Mbegu. Kwa Kigujarati, mbegu.
Alipoelewa, aliinamia dole lile kitambo,
kama mtu aliyekutanishwa na somo wake.

Lugha tatu hizi hazina undugu.
Hazikunyonya titi moja, hazikuchezwa unyago mmoja.
Nimeuliza wasomi, wakaniambia ni sadfa,
na ninawaamini; hakuna siri hapa.
Midomo hukutana, huachana, pumzi hupita.
Mtoto yeyote huweza, hata kabla ya meno.
Ni sauti iliyoachwa njiani kama ndoo isiyo na mwenyewe:
huyu kachotea maji, huyu kaigeuza kiti,
yule kapandia mche.
Ndoo haikuulizwa.

Tulimzika Mumias, kando ya baba.
Wanaume walipotoka makaburini tukaenda sisi,
na Min Oguta, aliyekodi pikipiki kutoka stendi
kwa sababu magoti yalikwisha kumkataa.
Hakujua dua zetu. Alisimama na kiatu kimoja cha tope,
akaangalia pale chini
kama anayeangalia ng'ambo ya njia,
akasema, sauti ileile ya sokoni,
"Zuwena, bi."

Shangazi zangu wakanong'onezana:
maskini, hata Kiswahili hajakipata,
bi hutangulia jina.

Sikuwasahihisha.
Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha udongo,
mweusi, umefukuliwa vizuri,
na nilikuwa nautazama.