Mikono ya Koplo Onzima

Sista Candiru alimwambia: Afande, nyoosha mikono mbele,
vidole vitazame dari, kama unasimamisha lori.

Mikono ile naijua.
Miaka kumi na tisa kwenye njia ya Vurra
imesimamisha magogo ya Kongo, mafuta, samaki wakavu,
na dereva mmoja, mwaka wa barakoa,
aliyekohoa dirishani akitafuta kibali.

Sasa ikapepea.
Ikaanguka, ikainuka, ikaanguka,
kama kuku anayejaribu kuruka ua.

Nyumbani tulisema ni homa tu, anaweweseka.
Jirani, nyuma ya barakoa yake: kalewa huyo.
Na baba hajaonja hata kwete tangu nizaliwe.
Mchana alilala kama gunia.
Usiku, katikati ya vitanda vya wadi, akaongoza magari,
mitungi ya oksijeni akiiita matrela,
akaniuliza mimi, mwanawe wa kuzaa:
leseni yako iko wapi?

Wanasema neno baya hukata maini.
Hilo halikuwa neno baya.
Lilinikata.

Daktari akachora nyuma ya karatasi ya vipimo:
hapa ini, homa ya ini imelitafuna kimya miaka mingi;
hapa korona, imeingia bila hodi;
na sumu ya chakula, ambayo ini huisimamisha njiani,
imepita. Imepanda. Iko kichwani.
Nikaelewa. Mtoto wa trafiki haelezwi kizuizi mara mbili.

Dawa ilikuwa sharubati nzito, tamu ya kukera,
na kazi yake ni kumharisha.
Basi nikahesabu: mara mbili, mara tatu, mashuka,
nusu mche wa sabuni,
mara nne.
Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba akili ya mtu
hurudi kwa njia hiyo.

Siku ya tano, alfajiri,
pumzi yake bado ina ule utamu wa tunda lililooza,
nilimwomba mikono bila kumngoja sista.
Akainyoosha. Wa kushoto ulitikisika kidogo.
Akanitazama muda mrefu, kama anayesoma namba ya gari.
"Eyotaru," akasema, "mbona umekonda?"
Na ule wa kulia akaugeuza, taratibu,
akanipungia nipite.