Pikipiki ya Marehemu Ambakisye

Miaka ishirini na mbili nimebeba watu,
Tukuyu hadi Kyela, matope na ukungu;
miguu yangu haiulizi njia.
Leo, uani kwa mjane Tusajigwe,
mguu wa kulia umetafuta breki
ukakuta gia.

Nimeishia kwenye migomba.
Kuku wametawanyika. Mama amecheka
hadi kanga ikamdondoka begani:
“Hata mwenyewe alianzia hapo hapo.”

Tangi la kijani, limechubuka rangi
kwa magoti ya mtu mmoja.
Kiki yake hurudi bila salamu,
nundu ninayo kwenye muundi.
Na kabureta haitaki pupa:
ibonyeze, ngoja itoe jasho la petroli,
kisha piga mara moja, kwa adabu.

Tu. Tu. Tu-tu-tu.
Sauti ya ng’ombe anayecheua.

Mvua imeshika. Nashuka Kiwira
nikijinong’oneza kama mtoto wa chekechea:
kushoto simama, kulia badili,
namba moja iko juu, juu, si chini.

Darajani nimesahau.
Imezima.

Vijana wa kijiweni wananijua, wanatazama.
Nimeinama, maji yakinichuruzika shingoni:
bonyeza.
Ngoja.