Mama Anajifunza Kukaa

Mwezi wa sita tunabandua karatasi za gundi
zilizoziba nyufa za madirisha tangu theluji ya kwanza.
Zinatoka na magamba ya rangi, zinatoka na nzi wawili
waliokauka kama majani ya chai ya mwaka juzi.
Ndipo upepo unaingia bila hodi,
unafunua kalenda, unanusa kabati la sahani,
unajilaza kwenye kitanda cha bibi, Mungu amrehemu,
kama mgeni aliyeahidiwa siku nyingi.

Mama amestaafu tangu Aprili.
Miaka thelathini na mmoja kiwanda cha maziwa,
akifunga vifuniko.
Hata sasa mikono yake ikikosa kazi
hufunga vifuniko hewani, kulia, kulia, kulia.
Kaa tu, Mama, namwambia.
Nikae nikifanya nini?

Asubuhi amepalilia matango.
Amerudi kupalilia palepale,
magugu hayajapata hata muda wa kuwaza.
Amefua mapazia, amemfua mbwa.
Ajizi nyumba ya njaa, anasema,
na ghala letu lina viazi vya kutufikisha Machi,
na mitungi ya jamu ambayo hakuna anayekumbuka ni ya mwaka gani.

Mchana ni supu baridi:
maziwa ya mgando, bitiruti, tango, yai, shibiti kwa konzi,
rangi ya waridi ambayo mtu mzima
asingethubutu kuivaa kanisani.
Viazi vinakuja kando, vikifuka moshi.
Kijiko huku, uma kule,
mdomo mmoja, misimu miwili.
Hakuna anayeongea. Vijiko vinatosha.

Kaka yangu Vaidotas amekuja kutoka Kaunas
na miguu yake ya ofisini, myeupe kama mishumaa.
Amefunga bembea ya wavu kati ya mitofaa miwili,
amelala humo kama samaki aliyekubali yaishe.
Tofaa bichi likamwangukia kwenye paji la uso.
Akaling'ata, akakunja sura,
akaling'ata tena.

Binti yake, Ūla, hataki kutoka ziwani.
Midomo imekuwa ya bluu.
Sisikii baridi! anapiga kelele,
na meno yake yanamkana mbele ya watu.
Namkunja ndani ya taulo iliyoanikwa juani,
ngumu, inakwaruza, ina joto la mkate.
Ananukia matope na minti.

Ni yeye aliyefanya tulichoshindwa sote.
Alivuta beseni hadi kizingitini, akachota maji kisimani,
safari sita, nusu ya kila ndoo ikiishia kwenye viatu vyake,
akasema: Bibi, miguu.

Dakika moja tu, Mama akasema.
Akavua soksi.
Sikuwahi kuitazama miguu ile.
Mstari wa buti za kiwandani bado uko pale chini ya goti,
kama alama ya maji kwenye ukuta baada ya mafuriko.

Alikuwa na njegere mapajani, za kumenya kwa ajili ya kesho.
Akapasua ganda la kwanza. Bakuli likalia, tik.
La pili. Tik, tik.
La tatu akalipasua, akalitazama,
akazitia njegere zote mdomoni mwake.

Korongo juu ya nguzo ya umeme akagonga mdomo wake
kama fundi aliyeona kosa.
Mama hakugeuka. Alikuwa amefumba macho.
Mikono imetulia, viganja juu,
haifungi kitu.

Saa nne usiku, jua bado limeegemea ukuta wa ghala,
halina haraka, kama mlevi mwenye adabu.
Mbu wamefika. Taa hatujawasha.
Mama akashtuka: Saa ngapi sasa?
Vaidotas, kutoka ndani ya wavu wake, bila kufumbua jicho:
Kumi na mbili.

Aa, akasema Mama. Basi bado mapema.
Akarudisha miguu majini.