Sentimita Mia na Kumi na Nne

Kati ya kipasha joto na ukuta wa dirisha
ni sentimita mia na kumi na nne.
Nimepima kwa utepe wa fundi cherehani,
nikapima tena kwa kamba,
mara ya tatu kwa shubiri, nikijihadaa.
Meza ya dukani, ile nyeupe, ya skrubu arobaini,
ina mia na ishirini.
Upana wa vidole vitatu tu,
na ukuta wa Łódź, wa matofali ya kiwanda,
haujui kusogea.

Mchagua jembe si mkulima.
Mimi nimechagua majembe tangu Oktoba.
Nimeketi kwenye meza za maduka ya watu
kama mkwe anayepimwa tabia,
nimefungua droo, nimezifunga,
nimeuliza bei hali nauli ya kurudi nimeifunga leso.
Na vifungo vyangu, elfu sita na ushei,
vya pembe, vya shaba, vya kioo, vya gome la chaza,
vimelala jikoni ndani ya mitungi ya matango,
na bahasha za wateja zanuka kitunguu.

Jagna, binti yangu, akanipigia simu:
"Mama, biashara inaanza na kiti kizuri."
Nikamwambia kiti ninacho.
Sikumwambia kipi.

Jumapili nilishuka stoo, chini ya jengo,
kutafuta koleo la theluji.
Nikaukuta mlango wa bafu letu
umegeuzia uso ukutani kama mtoto aliyekaripiwa.
Tuliung'oa mwaka ule kiti cha magurudumu cha mama
kilipokataa kupita.
Kabla ya hapo alijaribu kila asubuhi, peke yake,
anaugonga, anarudi nyuma, anaugonga,
"Usinisaidie, Bogumiła,"
hata ubao wa chini ukaota makovu.

Ziemowit wa ghorofa ya pili, dereva wa tramu mstaafu,
ana msumeno, na ana maneno.
Akapiga mstari wa penseli, akauliza:
"Tukate juu au chini?"
"Juu."
"Lakini chini ndiko kulikochakaa."
"Juu, Ziemowit. Kata juu."
Akanitazama, kisha akautazama msumeno,
na kwa mara ya kwanza tangu nimjue
akanyamaza mpaka kazi ikaisha.

Sasa mlango umelala.
Upande mmoja umebebwa na miguu ya cherehani mbovu,
upande wa pili na kabati la chuma la ofisi iliyofilisika.
Natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo taa iko kulia,
kivuli cha mkono kisije kikala tarakimu,
na waya wake unashuka kwenye tundu la kitasa
kana kwamba tundu lilitobolewa kwa ajili hiyo.
Mizani ya barua karibu. Stempu karibu zaidi.
Risiti ndani ya kopo la biskuti,
na mtu wa kodi akija atalifungua kwa tamaa.
Mitungi niliipanga kwa rangi.
Nikapangua, nikapanga kwa ukubwa wa vifungo,
nikatafuta kimoja cha buluu kwa nusu saa nzima,
nikarudi kwenye rangi.

Kiti ndicho kile kile.
Gurudumu la kushoto bado linalia kidogo.
Kinaingia chini ya mlango
bila kugonga.

Barua ya kwanza imetoka Szczecin:
mtu anataka kifungo kimoja cha koti,
cha pembe, matundu manne, rangi ya chai isiyo na maziwa.
Kifungo ni zloti moja. Stempu inakishinda kifungo.
Ninakipata, mtungi wa tatu, karibu na chini.
Napima bahasha: gramu tisa.
Nafungua daftari jipya, ukurasa wa kwanza,
kiganja kimetua pale penye makovu,
na kalamu, kwa baridi, inagoma;
naipulizia pumzi.

Nyuma yangu kipande kilichobaki,
sentimita themanini na sita,
kimeegemea ukuta.
Sijui bado kitakuwa nini.