Swali la Kumi na Saba

Hapa Chaco, upepo wa kaskazini ukivuma siku tatu
hata hasira hukauka midomo.
Walifika saa nane mchana, kila mmoja na gari lake,
Kornelius Toews na Anganetha, miaka kumi na tisa ya ndoa,
vumbi lao likitangulia kubisha hodi.

Kabla ya kazi hii niliendesha lori la maziwa la ushirika.
Nilijua kuonja: kijiko kimoja,
na tangi zima limekwisha kukiri.
Watu si maziwa. Nilichelewa kulijua hilo.

Fomu ina maswali arobaini.
Mmoja ukumbini, mmoja jikoni,
feni ikipekua kurasa kama mbea.
La kumi na saba: *Nani huamua mambo ya fedha?*
Mume akaandika: Sisi.
Mke akaandika: Yeye.

Maneno mawili, na katikati yake hekta mia mbili
zilizonunuliwa kwa mkopo, kimyakimya;
mke akazisikia dukani, kwenye kaunta ya unga,
kwa msichana aliyempa hongera.

La ishirini na tatu siliachii karatasi:
*Je, unamwogopa mwenzako?*
Nikamfuata jikoni, nikauliza tena kwa mdomo,
maana yapo majibu ambayo mtu huyaandika
huku sikio likisikiliza nyayo mlangoni.
Akanitazama muda mrefu.
"Simwogopi. Ninamkosa.
Analala kando yangu, na ninamkosa."

Nikawaketisha pamoja. Walitarajia aya.
Nilikuwa nayo, ile isomwayo kila harusi;
nikaiacha ndani ya Biblia, ipumzike.
Kornelius akaongea na dirisha:
"Walikufa ng'ombe arobaini na mmoja, kiangazi kile.
Niliona haya kuhesabu mbele yako.
Nikadhani ardhi mpya itahesabu badala yangu."
"Ndama niliwafukia mimi," akasema Anganetha.
"Hesabu nilikuwa nayo."

Kimya. Feni.

Ndipo, kwa mazoea tu, akafungua chupa ya barafu,
akaijaza maji pembe ya tereré,
akanywa ya kwanza, ile chungu, ya mwandaaji,
akajaza tena,
na kabla ya kumpa mumewe
akaugeuza mrija umwelekee.
Nusu duara. Kidole kimoja.

Fomu yangu haina swali la mrija.

Sikusema kwamba nimeona.
Niliwahi kuwaambia wengine, mapema mno,
wakaona haya, na kile kitu kikanyauka mbele ya macho yangu.
Nikawapa kazi ya wiki: daftari la madeni
mezani, kurasa zote, jioni tatu,
na asiwepo wa kummalizia mwenzake sentensi.
Nikaomba kwa ufupi. Joto lilikuwa kali,
na Mungu alikuwapo tangu saa nane.

Kwetu, ukirudisha pembe ukasema asante,
umesema: nimetosheka, usinijazie tena.
Kornelius alinyonya mpaka mrija ukakoroma.
Akanyoosha mkono kuirudisha.
Sijawahi kusikiliza ungamo lolote
kwa makini kama nilivyosikiliza pale.

Hakusema asante.