Kitanda cha Saba

Nyumba ilikuwa Dahariz, Salala, nyuma ya mashamba ya minazi,
ukuta umeliwa na chumvi, mlango rangi ya dawa ya kidonda.
Zamani lilikuwa ghala la dagaa wakavu, chakula cha ngamia,
na hata tulipolipaka chokaa mara tatu,
manyunyu ya kharifu yakija, kuta zilikumbuka samaki.

Tulikuwa ishirini na watatu, tumeshushwa kutoka mlimani,
wengine kwa lori la jeshi, wengine mgongoni mwa mtu wasiyemjua.
Vita vimekwisha; ndivyo ilivyosema redio.
Mimi nilikuwa na miaka sita, au saba.
Aliyejua hesabu yake alibaki kule juu.

Bi Zuweina alitupokea na mkasi, sabuni ya kipande na daftari.
Alitoka Unguja kwa njia ndefu asiyopenda kuisimulia.
Aliomba kazi Maskati, wakamwambia: ipo Salala, hakuna anayeitaka.
Akauliza jambo moja tu: kuna jiko?

Kiarabu chake kilikuwa cha pwani nyingine.
Lugha yetu ilikuwa ya mlima, na mlima haukumjua.
Basi akichoka alitugombeza kwa Kiswahili,
nasi tukakiokota kwa upande wa hasira:
Koma. Nawa. Usinitie wazimu.
"Umekula?" ilikuja baadaye, tukadhani ni salamu.
Hadi leo Tufool, bibi mwenye wajukuu,
huhesabu pesa zake moja, mbili, tatu,
kwa lafudhi ya mbuzi na ukungu.

Siku moja afisa wa wizara, kalamu mbili mfukoni,
alitukuta tunagombania kandambili:
Yangu hiyo! Mwongo wewe!
"Hawa watoto wa nani?" akauliza.
"Soma kola," akasema Bi Zuweina.
Kila kola ilikuwa na jina, uzi mwekundu.
Yangu ilikuwa na nambari 7,
maana nilikuwa mwezi wa tano sijasema neno,
na saba ndicho kitanda nilichokataa kukipanda.
Nililala chini yake.
Kwetu, kilichotujia kutoka juu kilikuwa ndege,
na hakikuwa na manyoya.

Hakunivuta. Alipenyeza mkeka, kesho yake mto.
Kila asubuhi alifagia chini ya kitanda kile
kama mtu anayefagia chumba cha mgeni.

Malaika hakuwa. Alihesabu vijiko kila usiku,
kijiko kikipotea hakuna aliyelala.
Sukari aliificha ndani ya cherehani.
Alimpenda Musallam kuliko sisi,
sisi tulijua, Musallam naye alijua zaidi.

Lori la Thamrit lilipokwama siku tisa,
nikamwaga maziwa ya unga, kopo la mwisho.
Alinipiga kofi. Sikio likalia hadi magharibi.

Usiku alikuja akalala sakafuni, shavu juu ya saruji,
uso wake sawa na wangu, harufu ya kitunguu na ubani.
"Nisamehe, baba," akanong'ona. "Sikukupiga wewe."
Kisha akataja jina la mtoto nisiyemjua,
na mtaa wa Unguja, na mlango, na saa.
Nilifumba macho. Nikapumua kama aliyelala.

Asubuhi nilimfuata jikoni.
"Umekula?" nikamwuliza.
Alikaa juu ya gunia la mchele, kimya.
Halafu akaanza kutafuta sindano.

Amezikwa miaka kumi na minne sasa.
Jana nilipita Dahariz. Nyumba hakuna,
kuna duka la vipuri vya magari.
Kijana wa dukani, Mmalabari mpole, akaniuliza natafuta nini.
Ulimi ukaniponyoka kwa Kiswahili:
"Nilikuwa macho."
Hakuelewa. Nikajigusa jicho.
Akaingia ndani, akarudi na taa ya mbele ya Toyota,
akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati.

Nikainunua.