Barua ya Tatu

Juu ya Aragats theluji imefika dirishani.
Siranush anapuliza vidole, anainua sahani ya kioo.
Usiku wa jana umelala humo, nuru yake imegeuka weusi.
Nyota mbili zinazungukana:
hii yatujia, ile yatupa kisogo.

Kama nuru ingebeba kasi ya aliyeituma,
iliyorushwa na nyota ikija
ingeifukuza iliyorushwa ikienda,
ingeipita njiani, karne kabla ya kufika hapa,
nasi tungeona nyota moja mahali pawili,
arobaini kabla ya uzazi.

Fujo hiyo anaijua.
Kaka yake Vazgen aliandika kutoka machimbo ya kaskazini.
Machi ikaja barua: Nimepona, natembea bila mkongojo.
Mei ikaja iliyoitangulia: Nimevunjika mguu.
Mama alilia Mei nzima
kwa mfupa uliounga Februari.

Anapima mstari wa kalsiamu. Anapima tena,
maana jicho la kulia humdanganya akichoka.
Usiku wa kumi na tisa, na mzunguko haujapinda popote.
Mama akimbie, mama asimame,
mwana huyu mwendo wake ni ule ule.

Anaandika kwa penseli: Hakuna iliyompita mwenziwe.
Kisha anakaa, chai imepoa,
anaihesabu barabara iliyozibwa na theluji, kona kwa kona,
hadi posta ya bondeni.
Barua ya tatu haijafika.
Au ilifika kwanza, hatukuijua.